Kununua gari ya misuli ya wikendi Marekani: anza na Jumamosi yako kwanza

Wakuu habari zenu. Kila mwaka baridi ikianza kuachia, kuanzia mwezi wa tatu hivi, simu yangu haipumziki, mmoja yuko Minneapolis, mwingine Columbus, mwingine hapa hapa Dallas tunasali wote, na swali ni lile lile, "kaka nimejichanga miaka minne, nimechoka na Camry, nataka Mustang au Challenger ya kutembelea wikendi, nichukue ipi?" Kila mmoja ameshakariri hospawa (nguvu za injini) za gari zote, ila ukimuuliza Jumamosi yake inakuwaje anakaa kimya. Makosa yanaanzia hapo. Hizi gari za misuli, Mustang ya Ford, Challenger ya Dodge na Camaro ya Chevrolet, kwenye picha zinafanana ila ukikaa ndani kila moja ina tabia yake, na utaishi na tabia, hospawa zote unazimaliza kwa sekunde nne tano ukiingia haiwei alafu unarudi kwenye foleni kama wengine.

Nawaandikia hatua ninazowapitisha watu ninaoenda nao kukagua gari.

HATUA YA 1: Andika Jumamosi yako kwenye karatasi

Chukua karatasi kabisa. Nani anakaa siti ya nyuma? Unaenda wapi na ni maili ngapi? Ukifika unabeba nini, kreti za soda na jiko la nyama choma la kwenda paki, au begi moja tu? Unapenda kona au unapenda kunyoosha? Nakupa mfano, mimi napenda kutoka alfajiri kwenda Talimena, ile barabara ya maili 54 inayopita juu ya milima ya Ouachita kutoka Oklahoma kuingia Arkansas, kona juu ya kona na ukungu bondeni. Mtu wa hivyo anahitaji gari tofauti kabisa na yule ambaye Jumamosi yake ni harusi, msiba, kikao cha jumuiya na kupeleka watoto mpira. Na kuna yule wa tatu anayetaka kupeleka gari uwanja wa dragi, mbio fupi za kunyooka, Ijumaa usiku, huyo naye ana gari yake.

Ukiwa na watoto wawili walioshavuka miaka kumi, ukweli ni kwamba Mustang na Camaro siti za nyuma ni za kuwekea koti. Usijidanganye kwamba watajibana. Watajibana mara mbili, ya tatu mama yao atachukua funguo za gari nyingine na wewe utabaki kuwasha gari kwenye driveway peke yako.

HATUA YA 2: Zijue zote kabla hujapenda moja

Hizi gari zilianza 1964, mwaka huo Pontiac walichukua gari ya kawaida wakaipachika injini kubwa wakaiita GTO, na mwezi wa nne mwaka huo huo Ford wakaonyesha Mustang New York. Wazo lile lile ndo linaendelea mpaka leo, injini kubwa mbele, matairi ya nyuma yanasukuma, bei isiyofika ya Ferrari. Tunazoita za kisasa ni hizi zilizorudi baadae, Challenger ilirudi 2008, Camaro ikafuata na modeli ya 2010, na Mustang yenyewe haikuwahi kukatika. Sahivi hali ni hii: Challenger na Camaro zote zilifungwa mwezi wa kumi na mbili 2023, moja kiwanda cha Brampton Kanada na nyingine Lansing Michigan. Mustang bado inatengenezwa Flat Rock, Michigan. Kwa hiyo ukitaka mpya dukani yenye V8, injini ya silinda nane, ni Mustang, zile zingine ni mkononi kwa mtu, na hii ndo sababu ukaguzi umekuwa muhimu kuliko zamani.

Challenger. Hii ni sebule. Ni nzito, yenye injini ya lita 6.4 inakaribia kilo 1,900 wakati wenzake wapo kwenye 1,700 hivi, na uzito huo unausikia kwenye kona ila pia unausikia kwenye safari ndefu, gari imetulia, siti pana, watu wazima wawili wanakaa nyuma bila kulalamika na buti ni lita 459, jiko la mkaa linaingia. Nimetoka Dallas mpaka Atlanta na ya rafiki yangu tukashuka tunatembea vizuri. Injini ya 5.7 Hemi, ndo jina la V8 za Dodge, inatoa hospawa 372 au 375 kutegemea gia, ya 6.4 ambayo wanaiita Scat Pack ni 485 na mlio wake, wakuu, ule mlio ndo watu wanaolilia kwamba umeondoka. Kwa mtu wa familia anayetaka milango miwili ndo jibu, na akitaka minne kuna ndugu yake Charger, ya mpaka 2023, yenye injini zile zile.

Camaro. Ile ya kizazi cha sita, 2016 kuja 2024, kwenye kona ndo bingwa wa hizi tatu, mi sibishani na mtu hapo. Chasi yake wamechangia na Cadillac ATS na inajulikana ukiigusa tu stelingi. Toleo la SS lina V8 ya 6.2 hospawa 455. Tatizo ni moja na ni kubwa, huoni nje. Vioo ni vyembamba kama tundu la barua, bega la mlango liko juu, na buti ni lita 258 hivi na mdomo wake mdogo. Kaa ndani nusu saa, rudi nyuma kwenye parking ya supamaketi iliyojaa, ndo uamue. Kuna watu wanaizoea na kuna watu haiwaingii kabisa.

Mustang. Iko katikati ya hao wawili. Kuanzia 2015 walitoa ekseli ngumu ya nyuma wakaweka sasipenshi huru, kwa hiyo yale maneno ya kwamba Mustang inajua kunyooka tu ni ya zamani. Toleo la GT, lenye V8 ya 5.0, lilianza na hospawa 435, 2018 ikapanda 460, na hii mpya ya kuanzia 2024 ni 480. Buti lita 382, unaona nje vizuri, spea zipo kila kona ya nchi na fundi yeyote wa mtaani ameshaifungua. Kwa mtu anayenunua gari ya aina hii kwa mara ya kwanza hapa ndo namuelekeza, ya 2018 mpaka 2023, na ndo niliyonayo mimi.

HATUA YA 3: Chagua injini kwa masikio na kwa mfuko

Kuna Mustang ya silinda nne yenye turbo, EcoBoost, hospawa 310 na kitu, kuna Camaro ya V6 335 na Challenger ya V6 305. Ni gari nzuri, ni nyepesi kwa bima na mafuta, na hamna aibu yoyote kuendesha V6. Ila kama kilichokuleta ni ule mngurumo wa V8 uliousikia ukiwa mdogo, usichukue ya turbo ukisema utazoea. Nimeona watu watatu wamefanya hivyo na wote waliuza ndani ya mwaka wakapoteza hela mara mbili, kwenye kununua na kwenye kuuza. Bora ukae miezi sita mingine uchange.

Upande wa pili wa shilingi ni Hellcat, zile Dodge zenye supachaja (kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini), hospawa 707 na kwenda juu. Hapo nasema wazi, kwa gari ya kwanza usiende. Si kwamba huwezi kuendesha, ila matairi, breki, bima na wezi vyote vinapanda pamoja.

Mafuta nayo uliza mapema. 5.7 Hemi wenyewe wanapendekeza oktani 89, hizo 6.4 za Dodge na 6.2 za Chevrolet zinataka ya bei ya juu. Kwa gari inayotoka Jumamosi tu tofauti si kubwa, ila ukianza kuipeleka kazini utaiona.

HATUA YA 4: Bima kabla ya gari, si baada

Hii hatua watu wanairuka kuliko zote na ndo inayowaumiza. Kabla hujatoa hata dola mia ya kuwekesha, chukua VIN (namba ya utambulisho) ya gari yenyewe uipeleke kwa mtu wa bima akupe bei. Gari mbili za rangi moja na mwaka mmoja zinaweza kupishana sana kwa sababu moja ni R/T, ile ya 5.7, na nyingine ni Scat Pack. Na msimbo wa posta unaokaa unahesabika.

Kwa upande wa Dodge kuna suala la wizi na siwafichi. Taasisi ya takwimu za bima ya HLDI ilitoa ripoti 2023 ikaonyesha Charger Hellcat za 2020 mpaka 2022 zilikuwa zinaibiwa zaidi ya mara 60 ya gari ya kawaida. Wezi wanaprogramu ufunguo mpya dakika chache wanaondoka. Dodge wenyewe walitoa programu ya ulinzi 2021, kwa Charger na Challenger za kuanzia 2015 zenye injini ya 6.4 au zenye supachaja, unaweka namba ya siri na bila hiyo namba injini inatoa hospawa zisizofika tatu, gari inajikokota tu. Ukinunua mojawapo uliza kama imewekwa, kama bado nenda wakuwekee, na gari ilale ndani ya gereji.

Alafu kama una gari nyingine ya kila siku na una gereji, uliza pia bima za gari za mkusanyiko, zile zinazoweka kikomo cha maili kwa mwaka. Nyingi zinakubali gari za kisasa za aina hii na bei inashuka vizuri.

HATUA YA 5: Gia

Fupi tu. Kama Dallas au Houston Jumamosi yako inapita kwenye foleni ya saa nzima, otomatiki, wala usijisikie vibaya, ile ya gia nane ya Dodge ya kuanzia 2015 ni tamu sana. Kama unaamka alfajiri kwenda milimani, ya mkono. Ya Mustang GT ya kawaida inalalamikiwa kukataa gia ya pili asubuhi ya baridi, kwa hiyo ijaribu ikiwa baridi, ya Camaro na Challenger ni ya kampuni ya Tremec na ni ngumu kama chuma cha reli.

HATUA YA 6: Karatasi

VIN ina herufi na namba 17, ya kumi inakwambia mwaka wa modeli, linganisha ya kwenye dashibodi, ya kwenye mlango na ya kwenye hati. Zikipishana hata moja, ondoka. Ingiza VIN kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ni bure, inakuonyesha kama kuna marekebisho ya kiwandani hayajafanyika, alafu ingiza kwenye VINCheck ya NICB, taasisi ya bima ya kupambana na wizi, nayo bure, inakwambia kama iliripotiwa kuibiwa au kuharibika. Ripoti ya kulipia nunua pia, ila kumbuka ajali iliyolipwa kwa mkono bila bima mara nyingi haiandikwi popote.

Kwenye eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) sina mzaha. Challenger na Charger za zamani, mpaka 2010, zina eabegi za kampuni ya Takata ambazo zikilipuka zinarusha vyuma, na mwezi wa kumi na moja 2022 kiwanda kiliwaambia wenye nazo wasiziendeshe kabisa mpaka zibadilishwe. Kubadilisha ni bure. Ukiuziwa ya miaka hiyo bila ushahidi kwamba zimebadilishwa, usiiendeshe hata kurudi nyumbani.

Taito (hati) ya salveji, yaani gari iliyoandikwa kuwa imeharibika vibaya, au ya gari iliyotengenezwa upya, mimi nasema hapana kwa gari yenye nguvu kiasi hiki. Bei inavutia, najua. Ila gari iliyopinda chasi ikanyooshwa uwanjani kwa mtu, ukiipa hospawa 460 kwenye kona, hujui itaelekea wapi.

HATUA YA 7: Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Hapa ndo pa kukaa na kutulia kuliko hatua zote. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika kabla ya salamu kuisha weka mkono juu ya boneti. Mwaka juzi nilimsindikiza dada mmoja kwenda kuangalia gari ya V8 kwa dila mmoja mdogo nje ya mji, tulikubaliana saa mbili asubuhi, tumefika boneti ni ya moto kabisa na jamaa anasema "nilikuwa naisogeza tu". Tukasema sawa, tutarudi kesho. Kesho yake tulifika saa moja kasoro, kabla hawajafungua, tukasubiri pale pale getini, ikawashwa mbele yetu ikiwa baridi na kukatoka mlio, tik tik tik upande wa abiria, dakika mbili tatu, ikipata joto unapotea kabisa. Ndo maana jana yake iliwashwa mapema. Tuliondoka.

Kwa injini za Hemi mlio wa hivyo una maana mbili na unatakiwa kuzitofautisha. Ukipotea injini ikipata moto mara nyingi ni boliti za manifodi ya ekzosi zimekatika, moshi unavujia pale mpaka chuma kitanuke kizibe, hilo linatengenezeka japo kuchomoa boliti iliyokatikia ndani ni kazi. Ukibaki na injini ikiwa ya moto, ukawa unafuata mzunguko wa injini, ogopa, inaweza kuwa lifta, vile vidude vya kusukuma valvu, zimekwisha zinakula kamshafti, na hiyo ni kufungua injini. Gari zilizokaa zikiunguruma muda mrefu bila kutembea ndo zinasemwa zaidi, kwa hiyo mtu akikuletea Charger ya V8 iliyotoka polisi kwa bei ya kutupa, angalia saa za injini kwenye dashibodi, usiangalie maili peke yake.

Alafu matairi. Namba nne za mwisho kwenye DOT, ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Gari ya wikendi inaweza kuwa na kashata nene kabisa ila tairi lina miaka minane, limekauka kama ngozi ya ngoma, hilo halishiki. Ya nyuma yamekwisha na ya mbele mazima kabisa? Aliyekuwa nayo alikuwa anachoma tairi, sasa kaangalie klachi na difu kwa makini zaidi.

Chomeka skana ya OBD, ile ya kusoma kompyuta ya gari, hata ya dola ishirini. Tafuta palipoandikwa vipimo vimekamilika au bado. Kama vingi bado, huenda kuna mtu amefuta makosa karibuni ili taa isiwake. Chungulia kama kuna filta ya hewa, bomba la ekzosi au kompyuta iliyobadilishwa, na uliza aliyeprogramu ni nani na risiti ziko wapi. Mi napenda gari iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, kwa sababu aliyeongeza nguvu aliongeza ili aitumie.

Mwisho wa yote peleka kwa fundi wako wewe, siyo wa muuzaji, aipandishe juu. Dola mia mbili hivi. Muuzaji anayekataa gari isiende kukaguliwa ameshakujibu.

HATUA YA 8: Endesha kama unavyoishi

Usikanyage mpaka chini kwanza. Endesha taratibu, maili 30 mpaka 50 kwa saa, mguu mwepesi, usikilize gia. Camaro za otomatiki za gia nane, hasa 2016 mpaka 2018, zina ugonjwa wa kutetemeka kidogo kama unapita juu ya matuta madogo ya lami, mara nyingi unatibika kwa kubadilisha oili ya giaboksi ukaweka ile mpya waliyoelekeza baadae, kwa hiyo omba risiti. Mustang za gia kumi za kuanzia 2018, sikiliza kama inapiga kichwa ikipanda ya tatu na ya nne. Achia stelingi kwenye barabara tambarare uone inavuta wapi. Ndo sasa ingia haiwei umpe.

Kwa walioko Muscat, Dubai na Sharjah: huko gari hizi ni nyingi na nzuri, ila zipo zilizopigwa Marekani zikanunuliwa mnadani zikatengenezwa huko, kwa hiyo kama muuzaji hana karatasi za Ghuba, vuta ripoti ya Marekani uone picha za mnada. Zile za Ghuba zina upozaji wa injini uliopangwa kwa joto la huko, zitafute hizo.

Na kwa anayewaza kurudi nayo nyumbani, Kenya hawapokei ya stelingi kushoto wala iliyozidi miaka minane. Mustang ya kuanzia 2015 ndo pekee kati ya hizi tatu iliyotoka kiwandani na stelingi kulia, tafuta ya Uingereza. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia kwa hiyo stelingi ya kushoto si tatizo.

HATUA YA 9: Wiki ya kwanza nyumbani

Badilisha oili hata kama ameapa alibadilisha jana. 5.0 ya Mustang ya kuanzia 2018 inachukua kwota 10 (kama lita tisa na nusu), usinunue galoni moja ukadhani umemaliza. 5.7 ya Hemi ni oili ya 5W-20 na 6.4 ni 0W-40, usizichanganye. Ukibadilisha plagi za Hemi hesabu 16, kila silinda ina mbili. Nunua chaja ndogo ya kuchomeka betri gari ikiwa imelala, maana hizi kompyuta zinakula betri wiki mbili imekwisha.

Na walioko Minnesota na Ohio, kwenye nchi za baridi: matairi ya kiangazi, joto likishuka chini ya digrii saba za Selsiasi, yanakuwa magumu, gari inateleza kwenye lami kavu kabisa. Chumvi ikianza kumwagwa barabarani ioshe mpaka chini, jaza tanki mafuta uweke na dawa ya kuyatunza, ongeza upepo kidogo kwenye matairi, chomeka chaja, funika. Utaitoa mwezi wa nne mvua ikishaosha ile chumvi barabarani, na siku hiyo nenda maili kumi za kwanza taratibu mpaka matairi yapate joto.